Tunda au mboga? Mwongozo kamili wa kutofautisha, kununua na kutunza katika jiko la Dar es Salaam

Ubishi wa kama nyanya ni tunda au mboga kwa kawaida huishia kwenye vicheko, lakini jibu lake lina pesa ndani yake. Fungua friji za nyumba nyingi jijini: tango limejaa vijishimo na limeanza utelezi, bamia zina madoa meusi, nyanya zina rangi nzuri lakini hazina ladha, na mchicha umegeuka njano kwa siku mbili kwa sababu umelala ubavuni mwa ndizi mbivu. Vyote vilinunuliwa vizima gengeni. Vimeharibika kwa kuwa vilitunzwa kwa majina ya jikoni, bila kuangalia mmea umeviumba vipi.

Kwa hiyo kila kitu unachoweka kikapuni kiulize maswali mawili, na usiyachanganye. Swali la kwanza: hii ni sehemu gani ya mmea? Jibu lake ndilo linaloamua pa kuiweka, kama itaendelea kuiva baada ya kuchumwa, na mbegu utaipata wapi. Swali la pili: inaliwaje? Hilo linaamua sufuria, chumvi au sukari. Hasara nyingi hutokea pale mtu anapochukua jibu la swali la pili akalitumia kwa mambo ya la kwanza.

Hatua ya 1: Kata, kisha tafuta mbegu

Kwa mtaalamu wa mimea, tunda ni ile sehemu ya ua iliyokuwa na mayai, ikavimba baada ya ua kuchavushwa, ikabeba mbegu. Mboga, kwa maana hiyo ya mmea, ni sehemu nyingine yoyote tunayokula: mzizi, shina, jani au ua lenyewe.

Chukua bamia moja na kisu. Ikate kwa upana, karibu na katikati. Utaona nyota yenye vyumba vitano, wakati mwingine zaidi, na kila chumba kina mbegu nyeupe za duara zilizoshikamana na nguzo ya katikati. Sasa geuza kwenye kikonyo: pale bamia inapoanza kuna alama ya mviringo, ambapo ua lilikaa kabla ya kunyauka na kudondoka. Mbegu ndani na alama ya ua juu: hilo ni tunda, hata kama maisha yake yote limepikwa na nyanya na kuliwa na ugali.

Fanya hivyohivyo kwa bilinganya. Ile kofia ya kijani iliyong'ang'ania juu ni vijani vilivyolishikilia ua tangu lilipochanua. Nyanya, nyanya chungu, hoho na pilipili kali wana kofia ya namna hiyo kwa sababu wote ni ukoo mmoja. Tango, boga, mumunye na tikiti nao ni ukoo mmoja, na kwao alama ya ua iko upande wa pili, kwenye ncha ya chini. Maharage mabichi ya kula na ganda lake ni tunda. Parachichi ni tunda, na hapo hakuna anayebisha.

Upande wa pili wa mizani kuna mchicha, matembele, kisamvu, mnavu, chainizi, sukuma wiki, majani ya kunde na majani ya maboga, ambayo yote ni majani. Karoti, figili, kiazi kitamu na muhogo ni mizizi. Kolifulawa na brokoli ni vishada vya maua ambayo hayajachanua. Kiazi mviringo watu wengi hukiita mzizi, kumbe ni shina lililonenepa chini ya udongo. Yale macho yake ni vichipukizi, ndiyo maana kikikaa sana kinaota. Tangawizi nayo ni shina la chini. Kitunguu maji ni majani yaliyonona na kufungana tabaka kwa tabaka.

Mmea mmoja unaweza kukupa vyote viwili. Mboga ya majani ya maboga ni jani na boga lenyewe ni tunda, na ukiviweka pamoja kwenye droo moja ya friji, kimojawapo utakionea.

Hatua ya 2: Malizana na vile vinavyokuchanganya

Ndizi haina mbegu, lakini ni tunda. Ikate kwa upana utaona vidoa vyeusi vidogo katikati: hizo ni mbegu zilizokwama kukua, kwa kuwa ndizi tunazokula huzaa bila kuchavushwa. Ndizi za porini zina mbegu ngumu kama changarawe.

Nanasi si tunda moja. Kila jicho unaloliona kwenye ganda lilikuwa ua lake, na matunda ya maua hayo yote yameungana kwenye mhimili wa katikati, ule mgumu tunaoutupa. Fenesi ni hivyohivyo: kila kokwa lenye nyama ya njano ni tunda la ua mmoja, na zile nyuzi zinazolizunguka ni maua ambayo hayakuzaa.

Bibo la mkorosho ndilo lenye mtego zaidi. Ile sehemu nyekundu au ya njano yenye maji ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni lile lenye umbo la figo linaloning'inia chini, na korosho ni mbegu iliyo ndani yake. Ganda la tunda hilo lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, kwa hiyo usimwache mtoto alitafune kwa kuiga anavyokula bibo.

Karanga hutoa ua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake kinarefuka na kujichimbia udongoni, ganda likakulia humo. Ganda ni tunda, karanga ni mbegu. Punje ya hindi ni tunda kamili lenye mbegu ndani, ganda lake likiwa limegandamana na mbegu. Muwa ni shina, ingawa unauzwa kwenye toroli moja na machungwa. Uyoga usiutafutie kundi hapa kabisa, maana si mmea, ni kuvu.

Hatua ya 3: Jibu la jikoni lina haki yake

Kusema nyanya ni tunda hakuifanyi ifae kwenye saladi ya matunda. Jikoni tunapanga kwa ladha na kazi. Kitu chenye sukari nyingi na kinacholiwa kibichi au kukamuliwa juisi ni tunda. Kinachoungwa kwa kitunguu na chumvi ni mboga. Uswahilini mboga inaenda mbali zaidi: hata dagaa au nyama ya kushushia ugali ni mboga ya leo.

Mpaka huu wa jikoni unahama kadiri kitu kinavyoiva. Embe bichi linaliwa na chumvi na pilipili au linatiwa kwenye mchuzi wa samaki. Likiiva linakuwa tunda la mezani. Papai bichi hupikwa kama mumunye, na vipande vyake huwekwa kwenye nyama ngumu kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kinacholainisha nyama. Ndizi ndiyo bingwa wa kuvuka mpaka. Pale Mabibo, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, mikungu ya kupika na ya kuivisha inashuka kwenye malori yaleyale, na mnunuzi asiyetaja matumizi yake anaweza kurudi nyumbani na chane isiyoiva vizuri au isiyofaa kwa mtori. Taja kwanza unataka ya nini, ndipo uulize bei.

Sheria nazo zimeegemea upande wa jikoni. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Nix dhidi ya Hedden, iliamua kwamba kwa ajili ya ushuru nyanya ni mboga, kwa sababu watu huila pamoja na chakula kikuu na si kama kitindamlo. Majaji walikiri kwamba kwa elimu ya mimea ni tunda. Umoja wa Ulaya nao, kwenye kanuni zake za jemu, unahesabu karoti na viazi vitamu kama matunda ili jemu zake ziuzwe kihalali. Kila mmoja amepanga kwa shida yake, na wewe una haki hiyohiyo mradi usipeleke mpangilio huo kwenye friji.

Hatua ya 4: Kununua: jua kipi kitaiva nyumbani na kipi hakitaiva

Swali hili linahusu matunda peke yake, yakiwemo yale tunayopika. Jani, mzizi na shina haviivi. Tangu siku ya kuvunwa safari yake ni moja tu, ya kushuka. Lakini matunda yako aina mbili.

Ya kwanza huendelea kuiva yakishachumwa, mradi yalikomaa mtini: ndizi, embe, papai, parachichi, stafeli, pera, fenesi, pasheni na nyanya. Haya unaweza kuyanunua magumu ukayapangia siku. Parachichi halilainiki mtini kabisa; linasubiri lichumwe. Libonyeze taratibu karibu na kikonyo, siyo tumboni, kwa kuwa ukilibonyeza tumboni unamwachia mnunuzi wa baada yako alama nyeusi. Embe liangalie mabega: likiwa limejaa na kupanda usawa wa kikonyo au juu yake, limekomaa hata kama bado kijani. Lililobonyea mabega limechumwa changa, nalo litasinyaa na kubaki chachu. Papai linunue likiwa na angalau mstari mmoja au miwili ya njano. La kijani tupu ni la kupika.

Aina ya pili huacha kuiva siku linapochumwa: chungwa, chenza, ndimu, nanasi, tikiti, zabibu, stroberi, tango, bilinganya na bamia. Nanasi linaweza kubadilika rangi na kulainika nyumbani, lakini utamu hauongezeki, kwa sababu halina wanga wa akiba wa kugeuzwa sukari. Linuse chini, upande uliokatwa: harufu tamu ni dalili njema, harufu ya pombe maana yake limepitiliza. Macho yaliyotanuka na kuwa bapa yanaonyesha limekomaa. Ile desturi ya kung'oa jani la katikati haiaminiki sana. Tikiti ligeuze utafute baka lililokuwa limelalia udongo. La njano iliyokolea ni zuri, jeupe au la kijani limevunwa mapema.

Machungwa yanahitaji neno la ziada kwa mtu wa Pwani. Ganda la chungwa hubadilika kuwa la rangi ya chungwa likipata usiku wa baridi. Katika joto la Tanga na Pwani chungwa hukomaa na kujaa sukari huku ganda likiwa bado kijani, kwa hiyo kulikataa la Muheza kwa sababu ya ukijani ni kukosa tunda zuri. Pima uzito mkononi: la wastani lililo zito, lenye ganda laini na jembamba, lina maji kuliko kubwa jepesi lenye ganda la vinundu.

Kuivisha nyumbani hakuhitaji dawa. Matunda ya aina ya kwanza hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyohiyo ndiyo inayoyaivisha. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi au boksi pamoja na ndizi moja mbivu, funga bila kubana, weka kivulini. Parachichi linaloiva kwa siku nne au tano peke yake litawahi siku moja au mbili. Fungua kila asubuhi. Maji yakijikusanya, futa, la sivyo ukungu unaanzia kwenye vikonyo. Usiweke boksi juani wala karibu na jiko: joto likizidi, ndizi hulainika ndani huku ganda likibaki na ukijani, na embe huanza kuoza ubavuni.

Kabaidi iache kwa mafundi wa kuchomelea. Ikikutana na unyevu hutoa gesi nyingine inayoigiza ethilini, na ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Tunda lililoivishwa kwa kabaidi mara nyingi lina rangi moja sawasawa nje huku nyama karibu na kokwa ikiwa ngumu na isiyo na harufu.

Hatua ya 5: Kutunza, na hapa ndipo pesa inapopotea

Friji ya nyumbani iliyowekwa vizuri ina nyuzi joto 4 hivi. Majani na mizizi mingi huipenda baridi hiyo. Matunda ya nchi za joto huumia. Baridi huharibu utando wa chembe zake, na madhara hayaonekani siku hiyohiyo. Yanajitokeza ukishalitoa likapata joto, kwa hiyo lawama humwangukia mwenye genge.

Ndizi huumia chini ya nyuzi 13: ganda linageuka jeusi, na ikiwa ilikuwa bado mbichi haitaiva tena vizuri. Embe na nyanya zinaanza kuteseka chini ya nyuzi 12 hivi. Embe linapata ngozi ya kijivu na nyanya inapoteza harufu na kuwa ya ungaunga. Tango chini ya nyuzi 10 linatoboka vijishimo kisha linakuwa na utelezi. Bilinganya mbegu zake zinageuka kahawia, bamia zinapata madoa. Hizi tatu zinazoitwa mboga zinalalamika kama embe linavyolalamika, kwa kuwa zote ni matunda ya nchi za joto.

Utaratibu unaofaa kwa nyumba ya Dar, ambako joto la ndani mara nyingi huwa kati ya nyuzi 25 na 32, ni huu:

1. Nyanya zisizoiva vizuri, ndizi, maembe, maparachichi na mapapai yakae nje, kivulini, kwenye ungo au chekecheke linalopitisha hewa, bila kurundikana. Nyanya ziweke kikonyo chini. Unyevu hutoka na ukungu huingia kupitia kovu la kikonyo.
2. Embe, parachichi, papai na nyanya zikishaiva kabisa, ndipo ziingie friji zipate siku mbili au tatu za nyongeza. Zitoe nusu saa kabla ya kula, ladha irudi.
3. Tango, bamia na bilinganya nunua za siku mbili tu. Zikilazimika kuingia friji, ziweke rafu ya juu au mlangoni, ambako kuna afadhali ya joto, zikiwa kavu na zimefunikwa. Hoho inavumilia zaidi, inaweza kufika wiki.
4. Machungwa, machenza na ndimu yanakaa nje wiki moja. Kwenye friji yanafika wiki mbili au tatu.
5. Tikiti, nanasi na boga zima vikae nje. Boga lenye kikonyo chake na ganda gumu lisilo na kidonda litakaa wiki kadhaa kwenye kona kavu.
6. Tunda lolote lililokatwa liingie friji ndani ya saa mbili, na siku ya joto kali, zaidi ya nyuzi 32, ndani ya saa moja. Tikiti na papai lililomenywa ni chakula kizuri cha bakteria kwa kuwa halina uchachu wa kuwazuia.

Majani ni habari nyingine. Yanapumua haraka na kupoteza maji, kwa hiyo yanataka baridi na unyevu, lakini siyo maji yanayochuruzika. Ukifika nyumbani kata kamba ya fungu la mchicha, maana pale palipofungwa ndipo panapooza kwanza. Ondoa majani ya njano na yaliyopondeka. Usioshe. Kama yamelowa, yakung'ute na kuyatandaza dakika kumi. Yaviringe kwenye kitambaa safi kikavu, yatie kwenye chombo chenye kifuniko, weka droo ya chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa majani hiyo si hasara, kwani mfuko uliobana unayachemsha kwa jasho lake. Mchicha na matembele yatakaa siku tatu mpaka nne, sukuma wiki na chainizi hata tano, kabichi zima wiki mbili na zaidi. Asiye na friji asimamishe fungu kwenye bakuli lenye maji kidogo yanayofika kwenye mashina tu, kivulini, na apike siku hiyohiyo.

Kosa kubwa ni kuchanganya majani na matunda yanayoiva. Ethilini ya ndizi, embe, parachichi au tufaa hugeuza mchicha na matango kuwa njano na huifanya karoti iwe chungu. Droo moja ya majani, nyingine ya matunda yaliyokwisha iva. Kama friji ina droo moja tu, ni ya majani.

Karoti ikija na majani yake, yakate mara moja, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Viazi mviringo visiingie friji: baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na chipsi zake zinakuwa nyeusinyeusi kwenye mafuta kabla hazijaiva ndani. Viweke gizani na penye hewa. Kiazi kilichopata mwanga na kuwa kijani kina solanini, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha; kata sehemu hiyo kwa kina pamoja na macho, na kama ukijani umeenea, tupa. Vitunguu navyo vinataka pakavu na penye hewa, mbali na viazi, kwa kuwa unyevu wa viazi unavifanya vioze au vichipue.

Muhogo mbichi una maisha mafupi kuliko mizizi mingine: siku mbili au tatu baada ya kung'olewa, ndani huanza mistari ya bluu na nyeusi. Vunja ncha kabla ya kulipa. Nyama iwe nyeupe tupu. Ukifika nyumbani umenye, uzamishe kwenye maji ndani ya friji, ubadilishe maji kila siku, au ukate vipande ugandishe.

Hatua ya 6: Kupika kwa kufuata sehemu ya mmea

Jani halihitaji moto mrefu. Mchicha unatosha dakika 3 hadi 5 tangu uanze kunywea. Vitamini C hupotea kwa joto na kwa maji yanayomwagwa, kwa hiyo osha kwanza, kata baadaye, na usichemshe ukamwaga maji. Tui la nazi au kijiko cha mafuta si anasa: viini vinavyogeuka vitamini A mwilini, vilivyomo kwenye majani ya kijani, karoti na viazi lishe vya rangi ya chungwa, hunyonywa vizuri palipo na mafuta. Ndimu ikamulie mezani. Ikiingia sufuriani mapema, ukijani unafifia kuwa kahawia. Magadi yanafanya kinyume, yanauhifadhi ukijani na kulainisha haraka, lakini yanaangamiza vitamini C na B1, na hiyo ni bei kubwa kwa rangi.

Kisamvu hakifuati kanuni ya haraka. Majani ya muhogo yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Yatwange kabisa ili kimeng'enya chake kiitoe, kisha chemsha bila kufunika, nusu saa ikiwa ndicho kiwango cha chini. Wengi hufika saa moja na zaidi, ndipo watie tui na karanga. Kufunika sufuria ni kuirudisha gesi ndani.

Maharage makavu ni mbegu, na mbegu ina kinga yake. Maharage mekundu yasipochemka vizuri yanaleta kutapika na kuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa moto wa kutokota angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Kisha kumbuka kwamba nyanya ni tunda chachu: ukiitia kabla maharage hayajalainika, uchachu wake utakaza ganda na utamaliza gesi bure. Nyanya iingie maharage yakishapondeka kwa kidole. Vivyo hivyo kwa viazi vya rosti.

Katika hesabu ya lishe, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani sehemu tano za gramu 80. Hapo haijalishi bamia ni nini. Kinachojalisha ni kwamba viazi, muhogo na vyakula vingine vya wanga havihesabiwi, kwa hiyo sahani ya chipsi haimsaidii mtu.

Hatua ya 7: Kugandisha wakati wa msimu wa bei chini

Hapa tofauti ya jikoni, ya tunda la mezani na mboga ya kupika, inarudi. Majani, karoti na bamia zikigandishwa mbichi, vimeng'enya vyake vinaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na baada ya wiki chache vinakuwa na ladha ya nyasi kavu. Vichovye kwanza kwenye maji yanayochemka, lita 4 kwa kila nusu kilo. Mchicha dakika 2, sukuma wiki 3, karoti za vipande 2, maharage mabichi 3, bamia ndogo 3 na kubwa 4. Anza kuhesabu maji yakirudi kuchemka. Yakichelewa zaidi ya dakika moja, umejaza mboga nyingi mno. Kisha tumbukiza kwenye maji ya barafu kwa muda uleule. Maji ya bomba ya Dar hayatoshi kupoza, kwa hiyo gandisha chupa mbili za maji siku iliyotangulia. Chuja, kausha kwa kitambaa, tandaza kwenye sinia igande kwanza, ndipo ufungashe kwa kipimo cha mlo mmoja.

Matunda ya kula hayachovywi. Embe na nanasi kata, nyunyizia ndimu, gandisha kwenye sinia. Hoho na vitunguu vinaingia vibichi bila shida, na nyanya zigandishe nzima: ukiziweka chini ya bomba ganda linabanduka lenyewe. Zitakuwa laini, za mchuzi tu.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa inashikilia baridi saa 48 hivi, na iliyojaa hadi nusu tu inaishikilia kwa saa 24.

Kuhifadhi mboga kwenye chupa zilizofungwa kwa kuchemsha katika sufuria ya kawaida usijaribu. Matunda machachu yanajilinda, lakini bamia, karoti na majani yana uchachu mdogo, yaani kipimo chake cha uchachu, pH, kiko juu ya 4.6 (namba ikipanda, uchachu unapungua), na hapo bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu inayoweza kuua, huota bila hewa, bila harufu na bila dalili.

Kwa anayepanda kwenye gunia au uani

Ukitaka jani, lisha mmea samadi na maji, vuna kabla haujatoa ua. Mchicha uko tayari wiki 3 hadi 4. Matembele hayahitaji mbegu: kata vijiti vya sentimita 30, zika nusu, ondoa majani ya chini.

Ukitaka tunda, unataka ua, na ua linataka jua la saa sita au zaidi. Nyanya iliyowekwa kivulini na kulishwa yuria nyingi itakuwa kichaka kizuri kisichozaa. Bamia na matango huliwa yakiwa machanga, kwa hiyo chuma kila baada ya siku mbili, bamia zikiwa na sentimita 7 hadi 10; ukiziacha zikomae, mmea unaona kazi yake ya kutengeneza mbegu imekwisha na unapunguza maua. Ukihitaji mbegu za msimu ujao, acha tunda moja kwenye shina moja tu. Tango liache linenepe na ligeuke njano kabisa, litoe mbegu, zioshe utando wake na uzianike kivulini siku tano hadi saba.